Kufundisha hesabu kwa video za katuni: mwongozo kwa walimu wa tuisheni za mtandaoni Unguja na Pemba

Mwalimu wa tuisheni aliyeko Mjini Unguja, ambaye wanafunzi wake wako Wete au Mkoani, hana ubao wala chaki, na daftari la mtoto halioni ila kwa picha iliyopigwa na mzazi. Alichonacho ni kioo cha simu chenye upana wa kiganja, na nusu saa ya muda wa mtoto baada ya kurudi chuoni (madrasa) na kabla ya kulala. Katika hali hiyo video ya katuni huonekana kuwa dawa ya kila kitu: inavutia, inaimba, inarudiwa bila kuchoka, na haimgombezi mtu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitumia ili mtoto wa darasa la kwanza hadi la sita ajifunze hesabu yenyewe, asitoke na wimbo wa katuni peke yake.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu mengine yote yanautegemea. Katika somo la hesabu, katuni ina kazi moja tu ambayo picha ya kitabuni haiwezi kuifanya, nayo ni kuonyesha kitu kinavyobadilika hatua kwa hatua. Na faida ya kazi hiyo hupatikana pale video inaposimamishwa, mtoto akatakiwa kusema au kufanya jambo kabla haijaendelea. Mwalimu anayeicheza video kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuliza "umefahamu?" atajibiwa "naam" kila siku, na hatajua lolote kuhusu kilichomo kichwani mwa mwanafunzi wake.

Hili halitokani na hisia zangu. Mwaka 2002 Barbara Tversky wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na Julie Bauer Morrison na Mireille Bétrancourt, walichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha picha zinazosogea na picha zilizotulia, wakaona kwamba mara nyingi zile zinazosogea hazikufundisha vizuri zaidi, na sababu mojawapo waliyoitaja ni kuwa mwendo hupita kabla jicho na akili havijaufuata. Mwaka 2007 Tim Höffler na Detlev Leutner wa Ujerumani walizikusanya tafiti 26 na kukuta faida ya katuni, iliyo kubwa zaidi pale mwendo wenyewe unapokuwa ndio jambo linalofundishwa na haukuwekwa kama pambo. Matokeo hayo mawili hayapingani. Yanampa mwalimu kipimo kimoja. Kabla ya kutafuta video yoyote, ajiulize: katika mada hii, ni kitu gani kinachosogea?

Katika kutoa kwa kukopa, fungu la kumi linafunguka na kuwa mamoja. Katika kujumlisha kwa kubeba, mamoja kumi yanakusanyika na kuwa fungu. Katika sehemu, kitu kizima kinakatwa. Katika pembe, mkono mmoja unafunguka na mwingine umetulia. Kwenye mstari wa namba, kuna kuruka. Mada hizo zote zinastahili katuni. Jedwali la kuzidisha ambalo mtoto anatakiwa alihifadhi, majina ya maumbo, au namna ya kuandika namba kwa maneno havina kinachosogea, na karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kitanda inatosha kabisa.

Kuchagua video

Itazame video mwenyewe kwanza, na uitazame ikiwa haina sauti. Kama bila sauti unaweza kuona hesabu inavyokwenda, hiyo ni video ya hesabu. Kama unachoona ni sungura anayecheza ngoma huku namba zikipita nyuma yake, hiyo ni burudani, tena huenda ni burudani nzuri, lakini isiwe ndiyo somo. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa picha na sauti kwa pamoja, ameonyesha kwamba vitu vya kuvutia visivyohusiana na somo hupunguza kile anachokipata mwanafunzi, na kwamba maelezo ya sauti yanayoandamana na picha hufanya kazi vizuri zaidi kuliko sauti, picha na maandishi yale yale yakibanana kwenye kioo kimoja. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anasoma kwa kutenganisha silabi akiwekewa maandishi chini ya video atajaribu kuyasoma, na fungu la kumi litafunguka bila yeye kuliona.

Baada ya hapo angalia mambo matatu ambayo huwasumbua watoto wetu hasa.

La kwanza ni lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba Hisabati ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na ingawa mitaala imepitiwa tena tangu wakati huo, mtoto wa tuisheni bado anakutana na lugha zote mbili katika somo hilo hilo moja. Ushauri wangu ni kwamba dhana ifundishwe kwa Kiswahili kwanza, hata kwa mtoto wa darasa la tano. Ikishakaa, video ile ile irudiwe bila sauti, na mwalimu ataje istilahi za Kiingereza huku mtoto akiuona mwendo anaoujua tayari. Kumpa dhana mpya na lugha ngeni kwa wakati mmoja ni kumtwika mizigo miwili, na akikosea hutajua ni upi uliomwangusha. Kwa Kiswahili hali si mbaya kama wengi wanavyodhani: taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa katuni za hesabu kwa watoto tangu mwaka 2014, na lafudhi yake haimpi shida mtoto wa huku.

La pili ni fedha. Video nyingi kutoka nje hufundisha desimali kwa dola na senti. Mtoto wa Chake Chake hajawahi kushika senti. Sarafu anazozijua ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, na dukani hakuna bei yenye nukta. Kwake yeye, fedha ni mahali pazuri pa kujifunzia mafungu ya mia na elfu, na ni mahali pabaya pa kujifunzia desimali. Desimali ziende kwa fundi cherehani, ambaye futi yake ya kupimia ina mita iliyogawika sentimita 100, au ziende kwenye mzani, ambako kilo moja na nusu ya karafuu kavu inaandikwa 1.5 na kila mtu nyumbani anajua kwamba ile nusu ina thamani. Ukikuta video nzuri ya desimali inayotumia rula au mizani, ihifadhi. Hazipatikani kwa wingi.

La tatu ni saa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 1, mtoto wetu anasema saa saba, na video ya nje inasema vingine. Usimwonyeshe mtoto video hizo zikiwa na sauti kabla hajaimudu saa yetu. Zitumie kimya kimya kufundishia dakika tu, kwa sababu mshale mrefu unasomwa kwa namna moja kila mahali.

Kuhusu urefu, dakika tatu hadi nne zinatosha kwa mtoto wa madarasa ya chini. Video ya dakika kumi na tano si lazima uitupe; ikate, uchukue kipande chenye mwendo unaouhitaji. Programu za kukatia video zimo katika simu janja karibu zote, na kazi hiyo haichukui muda.

Somo moja kwa ukaribu: 52 − 27

Nitalieleza somo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi namna video, mikono na maneno ya mtoto yanavyotakiwa kufuatana, na kwa sababu kutoa kwa kukopa ndiko kunakowakwamisha watoto wengi wanaoletwa tuisheni.

Siku moja kabla ya somo, mwombe mzazi amtafutie mtoto ufagio mkuukuu wa chelewa (aombe ruhusa kwa mwenye ufagio, maana wapo mabibi ambao kwao hakuna ufagio mkuukuu). Mtoto avunje vijiti 60 vyenye urefu wa kidole, afunge mafungu matano ya vijiti kumi kumi kwa mpira au uzi, na vinavyobaki viwe vya mamoja. Kazi ya kufunga ifanywe na mtoto mwenyewe, kwa sababu aliyefunga fungu kwa mkono wake hana shaka kwamba ndani yake mna kumi.

Somo linapoanza, usifungue video. Mpe mtoto hesabu ya 52 − 27 aifanye peke yake kwenye karatasi, na mzazi apige picha na kuituma. Wengi wataandika 35. Hilo si jibu la kubahatisha. Mtoto amechukua 2 na 7, akaona haiwezekani kutoa kubwa kwa ndogo, basi akageuza akatoa ndogo kwa kubwa, akapata 5. Kisha akatoa 2 kwa 5, akapata 3. John Seely Brown na Richard Burton walilieleza kosa hili nchini Marekani mwaka 1978, walipoonyesha kwamba makosa ya watoto katika kutoa hufuata kanuni mbovu anazozishikilia mtoto kwa uaminifu, na si uzembe. Mwalimu akilijua hilo hamwambii mtoto "angalia vizuri", kwa sababu mtoto ameangalia vizuri sana. Kanuni yake ndiyo iliyopotoka, na video inakuja kuigeuza.

Sasa video ichezwe. Inaonyesha mafungu matano upande wa makumi na vijiti viwili upande wa mamoja, na chini yake namba 27 inayotakiwa kutolewa. Kabla katuni haijafanya lolote, simamisha.

"Simamisha hapo, mwanangu. Upande wa mamoja tuna vijiti viwili, na tunatakiwa tutoe saba. Vinatosha?"

"Havitoshi, mwalimu."

"Basi tufanyeje?"

Hapa mwalimu anyamaze. Kwenye simu ukimya wa sekunde kumi huonekana mrefu kuliko ulivyo, na kishawishi cha kujibu mwenyewe ni kikubwa, lakini ndani ya ukimya huo mtoto anafikiri. Wapo watakaosema "tutoe kwenye fungu", wapo watakaojaribu kuchomoa kijiti kimoja katika fungu bila kulifungua, na wapo watakaosema hawajui. Majibu yote hayo ni mazuri kwa sababu sasa mtoto ana jambo analolisubiri. Ichezwe tena: fungu moja linajongea, mpira unakatika, vijiti kumi vinaingia upande wa mamoja na kujipanga pamoja na vile viwili. Simamisha mara ya pili, na mtoto afanye hivyo hivyo kwa vijiti vyake.

Kituo hiki cha pili ndicho muhimu kuliko vyote. Muulize mtoto swali ambalo video nyingi hazilitaji: "Sasa kwa jumla vijiti viko vingapi?" Mtoto anayejibu 42, au 40 na kitu, au anayeanza kuhesabu kimoja kimoja kutoka mwanzo, hajaelewa kwamba kufungua fungu hakukuongeza wala kupunguza chochote. Kwake yeye kukopa ni uchawi wa kukata namba moja na kuandika nyingine juu yake. Mrudishe: afunge fungu, afungue, afunge, afungue, mpaka aseme mwenyewe kwamba makumi 4 na mamoja 12 ni 52 ile ile. Ikiwa somo lote litaishia hapo kwa siku ya kwanza, hakuna kilichoharibika.

Baadaye video imalizike: saba vinaondoka kati ya kumi na mbili, vinabaki vitano; mafungu mawili yanaondoka kati ya manne, yanabaki mawili; jibu ni 25. Kisha irudiwe kutoka mwanzo bila sauti, na safari hii msimulizi awe mtoto. Mwombe aseme kila kinachotokea kana kwamba anamweleza mdogo wake, na arekodi ujumbe wa sauti. Ujumbe huo wa dakika moja unakuambia mengi kuliko mazoezi ishirini yaliyosahihishwa, kwa sababu utasikia mahali anapositasita.

Mazoezi yafuate bila video: 43 − 18, kisha 61 − 34, kisha 50 − 23 ambamo mamoja ni sifuri. Hesabu kama 304 − 158 isiletwe siku hiyo. Ndani yake upande wa makumi ni mtupu, na fungu la mia lazima lifunguke kwanza kuwa makumi kabla ya kumi moja kufunguka kuwa mamoja. Huo ni mwendo wa hatua mbili unaohitaji video yake na siku yake.

Mada nyingine, kwa ufupi

Kwa sehemu, tatizo kubwa ni mtoto kuamini kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Tafuta au tengeneza katuni ya boflo mbili zilizo sawa kwa urefu, moja juu ya nyingine, ya juu ikikatwa vipande vitatu na ya chini vinne. Simamisha kabla kisu hakijashuka, na uulize: watu wanne wakigawana mkate ule ule uliogawiwa watatu, nani atashiba zaidi? Jihadhari na video zinazokata vitu viwili vya ukubwa tofauti, au zinazoruka kutoka duara hadi mraba ili kupendezesha kioo. Mtoto hutoka hapo akidhani ukubwa wa sehemu unategemea umbo.

Kwa kuzidisha, bao tayari limo barazani. Lina safu 4 zenye mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64. Katuni inayochora safu 4 za vitone 8 kisha ikaugeuza mchoro wote hadi safu 8 za vitone 4 inaonyesha kwa sekunde chache kwamba 4 × 8 na 8 × 4 ni sawa, jambo ambalo kwa maneno matupu huchukua wiki. Hapo unasimamisha katikati ya mzunguko, mchoro ukiwa umelala mshazari, na kuuliza kama kuna kitone kilichoongezeka.

Simu, bando na kelele

Usitegemee kuicheza video moja kwa moja kutoka mtandaoni wakati wa somo. Mtandao ukisuasua, video itasimama mahali pasipotakiwa na mtoto ataondoka. Pakua mapema, na uchague ubora wa chini: kwa video ya 360p inayotumia takriban nusu megabiti kwa sekunde, dakika nne ni karibu megabaiti 15, wakati video hiyo hiyo katika ubora wa 1080p inaweza kupita megabaiti 100. Kwenye kioo cha simu, na kwa vijiti na vitone, tofauti hiyo haionekani. Ukiituma kwa WhatsApp kama faili, itafika kama ilivyo. Ukiituma kama video ya kawaida, itabanwa zaidi, na namba ndogo zinaweza kufifia. Kwa familia isiyo na bando la kutosha, memori kadi inayopelekwa na mtu anayepanda boti kwenda Pemba bado ni njia bora, na mtu mmoja akiwa nazo, wengine watazipata kwa Bluetooth.

Jambo moja la kiufundi hugunduliwa na kila mwalimu baada ya kusumbuka: mtoto akiwa kwenye simu na wewe huku anacheza video katika simu hiyo hiyo, sauti ya video hugongana na sauti yako au hupotea kabisa. Badala ya kushindana nayo, izime. Video iende kimya, na sauti iwe yako. Utaona kwamba hilo linaboresha somo, kwa sababu unasema pale tu panapohitaji kusemwa. Ikiwa nyumbani kuna vifaa viwili, mathalani simu ya mama na kishikwambi cha mwalimu anayeishi hapo, kimoja kiwe cha video na kingine cha mazungumzo.

Sauti ina adui mwingine, nao ni mvua ya masika juu ya bati. Miezi ya Machi hadi Mei pangia mada zinazofahamika kwa picha tupu. Pia hakikisha mzazi anakumbuka kununua umeme wa TUKUZA na kuchaji simu kabla ya magharibi. Somo lililokatika katikati ya fungu lililofunguliwa ni gumu kuliunganisha kesho yake. Muda wenyewe upangwe kwa kuangalia mkondo wa skuli na saa za chuoni, na katika Ramadhani uhamishiwe asubuhi ya siku za mapumziko, kwani hakuna mtoto anayefikiri vizuri saa moja kabla ya futari.

Kwa watoto wadogo zaidi pana mipaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na kidogo zaidi ni bora. Kwa hao, mimi naona tuisheni ya video haihitajiki. Wahesabu kokoto na vifuu na mama zao. Na kwa wote, video ikipakuliwa na mtandao ukazimwa, mtoto hatarukiwa na matangazo wala hatapelekwa kwenye video nyingine asiyoichagua mtu yeyote.

Kujitengenezea video

Ukikosa video inayofaa, itengeneze. Si lazima ujue kuchora. Tandika shuka jeupe sakafuni karibu na dirisha asubuhi, kabla jua halijapanda sana na vivuli havijawa vikali. Weka viti viwili, ulaze ubao juu yake, na simu ikae juu ya ubao ikitazama chini. Ifunge kwa utepe ili isitikisike hata kidogo, kwa sababu simu ikisogea vijiti vyote vitaonekana kuruka. Panga vijiti vya chelewa, piga picha. Sogeza kijiti kimoja kwa upana wa kucha, piga tena. Filamu za sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, lakini kwa somo picha 8 zinatosha, hivyo sekunde 30 za video zinahitaji picha 240. Ni kazi ya asubuhi moja, na watoto wakubwa wa nyumbani huipenda sana. Picha zikishaunganishwa kwa programu ya kuhariri video iliyomo kwenye simu, acha sekunde tano za picha iliyotulia kila mahali unapotaka mtoto asimamishe, ili hata kidole kikichelewa jibu lisimtangulie.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia PowerPoint, ambayo ina uwezo wa kusogeza maumbo na kuzihifadhi slaidi kama video. Mwenye wanafunzi wa darasa la tano na la sita anaweza kuwapa Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ili watengeneze katuni zao wenyewe. Mtoto anayeamuru paka wa Scratch aende hatua 50 kisha ageuke nyuzi 90 mara nne anajifunza mraba kwa namna ambayo hataisahau. Rangi zisizidi tatu, na kila rangi iwe na maana: makumi yawe na rangi moja kuanzia video ya kwanza hadi ya mwisho, mamoja rangi nyingine. Muziki usiweke.

Mzazi na kipimo cha mafanikio

Wazazi wengi huniambia hawawezi kusaidia kwa kuwa wao wenyewe hesabu iliwashinda. Kazi ninayoihitaji kwao haitaki hesabu. Mama anayesuka ukili pembeni anaweza kuuliza maswali mawili: "Simamisha, kitatokea nini?" na baada ya video kuendelea, "Mbona imekuwa hivyo?" Asisahihishe jibu, amwachie mtoto aone mwenyewe kama alichosema kimetokea. Watoto wawili au watatu wakitumia simu moja, anayeishika simu asiwe ndiye anayejibu, na zamu zibadilishwe kila video inaposimamishwa, la sivyo mkubwa atajibu yote na mdogo atabaki mtazamaji.

Picha za nyuso za watoto zisiwekwe kwenye kundi la wazazi. Picha ya daftari na vidole inatosha.

Maendeleo usiyapime kwa idadi ya video zilizotazamwa wala kwa furaha ya mtoto anapoziona. Baada ya wiki moja, bila kumkumbusha katuni, mpe hesabu mpya ya aina ile ile na umwombe aeleze. Akiifanya na kuieleza, video hiyo imemaliza kazi. Ifutwe kwenye simu ili ipatikane nafasi ya inayofuata. Akirudi kwenye 35, usimwonyeshe video ile ile mara ya tano. Rudini kwenye vijiti, afunge fungu na kulifungua mbele ya kamera, na safari hii mwalimu ndiye atazame.